Mlango wa Inchi Thelathini na Sita

Mtu akishafika miaka sabini na moja, kuinuka kitini tu kunataka mpango, sembuse kuhama. Fundi alilijua hilo, lakini magoti yake yalikuwa yamegoma kupanda ngazi thelathini na nane za nyumba ya zamani, na magoti ya mkewe yalikuwa yameunga mkono mgomo. Bintiye, ambaye ni muuguzi na amezoea kuamulia wagonjwa, akawatafutia vyumba viwili vya chini, karibu na kwake.

Walifungasha siku tano. Kabatini zilitoka suruali kumi na moja za wateja walioahidi kupitia kesho yake. Mmoja wao Fundi alikwenda kumzika, akarudi nyumbani bila hata kukumbuka kwamba pindo la marehemu lilikuwa tayari. Ikatoka mikebe ya vifungo visivyo na wenzao, mikasi iliyokata tamaa ya kukata, pasi ya mkaa isiyo na mfuniko.

"Tupa," mkewe alisema kila kitu kilipotoka.

"Ngoja kwanza," alijibu Fundi.

Ngoja kwanza zilijaza maboksi manne.

Lakini ugomvi wenyewe ulikuwa meza ya kukatia. Ilikuwa kubwa kama kitanda cha watu wawili, miguu minne imechungulia chini ya rafu ya vitambaa, na ukingo mmoja umelainika mahali ambapo tumbo la Fundi liliegemea miaka thelathini na mitatu. Bintiye hakutaka ihame.

"Baba, umeshona vya kutosha. Macho hayo, mgongo huo."

"Macho yangu yana shida gani?"

"Juzi ulilisalimia kabati."

Mwishowe wakapatana. Meza ikiingia katika nyumba mpya, Fundi atashona mpaka achoke mwenyewe. Isipoingia, amestaafu, na pasiwe na maneno. Fundi alikubali haraka mno, kwa sababu juma lililopita alikuwa amekwenda kuupima mlango kimyakimya na kuandika katika daftari lake: thelathini na sita. Meza ikilazwa ubavu, kutoka uso mpaka nyayo za miguu, ni thelathini na tano. Inchi moja inabaki ya kushukuru.

Siku ya kuhama, mpagazi mkuu, mtu mnene aliyeitwa Taratibu kwa kuwa hilo ndilo neno alilosema kabla ya kugonga kila kitu, aliileta meza mlangoni na mwenzake. Wakailaza ubavu. Wakasukuma. Wakarudi nyuma, wakasukuma tena.

"Mzee wangu, mlango umekataa."

"Hauwezi kukataa. Nimeupima kwa mkono wangu."

Mkewe, aliyekuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa, aliinuka kwa awamu. Akaivuta futikamba iliyoning'inia shingoni mwa mumewe, akainyoosha mlangoni upande mpaka upande. Akasoma mara mbili.

"Thelathini na nne."

"Mimi niliandika sita."

"Ulipoandika, uliongeza?"

Maisha yake yote, kati ya futikamba na daftari, mkono wake ulikuwa ukimwongezea kila mteja inchi mbili, ili aweze kukaa, kula na kupumua ndani ya nguo. Mkono haukuuliza tena kichwa. Ulimwongezea bwana harusi, ukamwongezea mwalimu mkuu, na sasa ulikuwa umeuongezea mlango.

"Umeuachia nafasi ya kupumua," alisema mkewe.

Taratibu akakaa kizingitini, akacheka mpaka akalazimika kuishikilia meza. Bintiye hakucheka. Alimwekea baba yake mkono begani.

"Baba, tulikubaliana." Alilisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma.

Fundi alikaa kwenye kiti chake nje, kati ya sufuria na vitanda vilivyosimamishwa ukutani, kama mtu anayesubiri kupakiwa na yeye. Kusema kweli alikuwa amechoka. Asubuhi nyingine uzi ulizunguka tundu la sindano kama nzi asiyetaka kutua. Nani angemlaumu? Alijaribu kuiona kesho. Ataamka, atanawa, atakunywa chai. Akafika kwenye chai, akatafuta kinachofuata, hakukiona. Akarudia tangu kuamka. Palepale, kwenye chai, siku ilikwisha.

"Taratibu," aliita, "una msumeno?"

"Sikosi, mzee wangu. Kila mkubwa ninayemhamisha ana kitu kimoja kisichoingia."

"Baba, kukata hakukuwamo kwenye makubaliano."

"Makubaliano ni iingie. Nani alisema na miguu yote?"

Binti akamgeukia mama yake kutafuta msaada.

"Usinitazame mimi," alisema mama. "Wewe unakwenda kazini. Mimi ndiye nitakayeshinda naye humu ndani, ananieleza namna ya kuosha vikombe. Mwache akate."

Fundi akachutama kwa shida, chaki mkononi, akapiga mstari kwenye kila mguu. Mkewe akamfuata nyuma na futikamba, akikagua mguu mmoja mmoja.

"Ni inchi mbili kweli?"

"Mbili."

"Kavu, bila nyongeza?"

"Kavu, bibie."

Taratibu akasema taratibu, akakata. Vipande vinne vikaanguka. Meza ikaingia kama barua, ikasimama chini ya dirisha.

Fundi akaiendea, akatandaza kitambaa, akainama. Mgongo ukalia. Akajinyoosha, akainama tena.

"Imekuwa fupi."

"Na wewe umefupika," alisema mkewe, akiendelea kutafuta birika kwenye maboksi. "Ila wewe hatukukukata."

Bintiye alikuwa bado mlangoni, mikono kifuani.

"Mgongo unauma?"

"Unauma."

"Kwa hiyo?"

Fundi hakuwahi kukata kitambaa ameketi. Aliyemfundisha kazi alikuwa akisema wanaokata wameketi wanakata vitambaa vya kufutia sakafu. Akaipapasa meza, akaangalia nje, kiti chake kilipobaki peke yake uani.

"Kwa hiyo niletee kiti."

Binti alishusha mikono. Kisha akaenda kukileta.