Ulimi wa Suqiong

"Sitakwenda! Hata mkiniburuta kwa nywele, sitakwenda!" Daixiu alitupa kisu cha mwanzi ndani ya beseni, maji ya chumvi yakaturukia usoni. "Nikaombe chungu cha dawa na mimi mzima kama nyati? Si kujiitia maradhi huko? Nina wajukuu nyumbani mie!"

"Basi mwache afe," nikamwambia. "Si mke wa kaka yako tu? Utamlilia vizuri, sauti unayo."

"Bibi Zeng, kinywa chako hicho!"

"Kina nini? Kina meno mawili na ukweli mmoja."

"Ukweli! Wewe? Si wewe uliyesema punda wa baba mkwe wako alikuwa anapima watu mapigo kwa kwato?"

"Alikuwa anapima. Na malipo yake yalikuwa majani, si kama tabibu Gou anayetaka bata."

Hakucheka. Tulikuwa uani kwangu tunamenya fuzi, ule mzizi ambao mtaa wetu mzima unaulima, na jua la mavuno lilikuwa limetukalia kichwani. Ukimenya fuzi mbichi tangu asubuhi, vidole vinakufa ganzi hata hujui kama unashika mzizi au kidole cha mwenzako. Mbichi inaua. Ikilowekwa, ikakaushwa, ikachemshwa sana, inamrudishia mtu joto lake. Ni kitu kilekile.

Tulikuwa tunagombana kuhusu chungu. Chungu cha dawa katika mtaa wetu ni kimoja, cheusi chini, mdomo umemeguka, na aliyekinunua alishakufa kabla sijaolewa. Anayeumwa hukifuata kwa aliyeumwa kabla yake. Hakirudishwi. Ukimpelekea mtu chungu cha dawa mlangoni, umempelekea ugonjwa, na atakufukuza kwa ufagio. Kinakaa ulipokitumia mpaka mgonjwa mwingine aje mwenyewe kukiomba, na akiomba, huwezi kumnyima. Kukiiba hakuna anayethubutu. Utakuwa umeiba ugonjwa na mfuko wake.

Sasa chungu kilikuwa kwa Suqiong, na nyumbani kwa Suqiong hapakuwa na mgonjwa tena.

Suqiong alikuja kwetu bibi harusi kutoka juu ya mto, akaolewa na Chengde, kaka yake Daixiu. Chengde alikuwa mtu wa baridi. Wenzake wakitembea vifua wazi, yeye yumo ndani ya koti la pamba. Mimi nilimwekea yai kifuani siku moja, likaganda. Daixiu anakataa lakini hakuwepo. Tabibu Gou alimwekea vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, akafumba macho, akasema moto wa chini ya kitovu umebaki kaa moja. Akampa fuzi, na tangawizi kavu, na mizizi mitamu ya kupoza ukali.

Kuchemsha ikawa kazi ya Suqiong. Fuzi haina saa. Unaichemsha, unachovya ncha ya ulimi, ulimi ukitiwa ganzi unairudisha motoni. Usipotiwa, mgonjwa anaweza kunywa. Hakuna kingine cha kujua. Na Suqiong alikuwa na ulimi, jamani. Watu walimletea vibakuli vyao kutoka upande wa pili wa mtaa. Mimi nilimwona akionja mvuke uliopita juu ya ukuta. Alikuwa na maneno mawili tu. "Bado." Au, "Mpe." Ulikuwa ukitoka pale na "Mpe" yake, hukuuliza tena. Wakati wake wote hakuna aliyekufa kwa fuzi mtaani kwetu. Watu walikufa kwa mambo yao mengine.

Chengde alikufa mashamba yalipokuwa ya manjano kwa maua, nami nikiwa kando ya kitanda. Suqiong hakulia. Alimwosha, akamvisha, akawapikia waombolezaji, akaosha vyombo. Kesho yake akateleka chungu kama kawaida. Tukasema amesahau, ni mazoea ya mikono. Lakini akaendelea. Akawa anachemsha, anaonja, anamimina, anakunywa mwenyewe. Makapi anayamwaga njiani ili wapita njia wakanyage ugonjwa waende nao, ila ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshazikwa. Yeye kwa asili ni mtu wa moto, uso mwekundu kama pilipili iliyoanikwa. Pua ikaanza kumtoka damu. Tabibu Gou akaenda kumwambia kwamba dawa ya mtu wa baridi inamchoma mtu wa moto. Akasema, "Ndiyo." Akamtilia chai. Akaendelea.

Hata hivyo sikuwa na wasiwasi sana mpaka siku ya tambi. Nilimpikia tambi, nikazitia konzi nzima ya pilipili yetu ile ya kutia ganzi, nipate kumwona akirukaruka. Nilitaka atukane. Nilitaka alie, hata kwa pilipili. Nilionja uzi mmoja, midomo ikanipotea mpaka jioni. Suqiong alikula zote, akanywa na supu, akaweka bakuli chini.

"Asante, Bibi Zeng."

Ndipo nikaelewa. Ule ulimi haukuwa unajua kitu. Na ndio aliokuwa anaonjea fuzi kila siku na kujiambia, "Mpe."

Kwa hiyo nikamwacha Daixiu uani kwangu na wajukuu wake wa mdomoni. Nilijifunga kitambaa kichwani, nikapaka tangawizi machoni, nikaenda nimejishika kiuno.

Suqiong alikuwa kwenye kigoda karibu na jiko. Kibakuli kimeshamiminwa, kinatoa mvuke mbele yake.

"Nakufa, mwanangu," nikasema. "Nimefuata chungu."

"Unaumwa nini?"

"Tumbo. Na mgongo. Na jino."

"Jino lipi?"

"Lile lililong'oka."

Akanivuta mkono, akaniwekea vidole vitatu kama alivyomwona tabibu akimfanyia mumewe. Vidole vyake vilikuwa vya moto. Uso wake haukuwa na kitu, kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Mapigo ya mwizi wa kuku," akasema. "Huumwi, Bibi Zeng. Kukiomba na huumwi ni vibaya."

"Mimi magonjwa yananiogopa."

Akaniachia mkono, akakishika kibakuli. Nilitafuta hadithi yoyote ya kumchelewesha, ya punda, ya yai, ya shangazi yangu aliyezaa akiwa juu ya mti, haikuja hata moja. Nikakiweka kiganja juu ya kibakuli.

"Nipe nionje."

Akakisogeza kwangu. Nilichovya ncha ya ulimi. Kwanza uchungu na utamu wa mizizi. Halafu ulimi ukaanza kunikimbia, ukawa wa mtu mwingine.

"Bado," nikasema.

"Imeiva."

"Bado, Suqiong. Inatia ganzi."

Akachovya na yeye. Akakaa na ulimi nje kidogo, kama mtoto anayesubiri theluji. Kuku aliingia, akadonoa mguu wa kigoda, akatoka.

"Sisikii kitu," akasema.

"Tangu lini?"

"Sijui." Alikuwa anasema polepole, kama mtu anayesomewa maneno naye anayarudia. "Siku ile asubuhi alikuwa anahema vibaya. Akaniuliza, imeiva? Nikaonja. Nikasema imeiva, nikampa. Jioni akafa. Sasa najaribu kukumbuka kama ulimi uliniambia kitu, au nilisema tu kwa sababu nimezoea kusema."

"Kwa hiyo unakunywa."

"Nikinywa kama ile niliyompa, nitajua."

"Utajuaje, ukishakufa?"

"Basi nitajua."

Hakuwa anatania. Wala hakuwa na huzuni ya kuonekana. Alikuwa anasema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Mkono wake ukarudi kwenye kibakuli, na wangu ulikuwa bado uko juu yake, tukabaki tumekishika wote, hakuna anayevuta.

"Bibi Zeng," akasema. "Wewe ulikuwepo. Ulimwona alivyolala. Alisema midomo imekufa ganzi? Niambie. Ni dawa yangu iliyomuua kaka wa watu?"

Mimi nimesema uongo kwa majirani, kwa wakwe, kwa mungu wa jikoni siku anapopanda kutushitaki mbinguni. Nilifungua kinywa, na mpaka leo siwezi kuwaambia ni uongo au ni ukweli uliokuwa unatoka.

Mlango ulisukumwa. Daixiu aliingia, mikono bado ina maji ya chumvi, kifua kinapanda na kushuka. Alituangalia, akaangalia kibakuli. Akakohoa, kikohozi kibovu cha uongo, kibaya kuliko changu, halafu akanyoosha mikono yake yote miwili.

"Wifi," akasema, "naumwa. Nimefuata chungu."