Shati Alilolifua Dada wa Mwandishi

Pasi imekwisha kushika moto. Mama Pasi, kama wateja wanavyomwita, ananyunyizia maji kola ya shati, anaikandamiza, kisha anaikagua kwenye mwanga wa dirisha. Chumba chake cha udobi kiko nyuma ya jengo la ofisi, nacho kinanukia sabuni na mvuke.

Karani mmoja amefuata suruali yake. Analalamika kwamba mguu mmoja una mikunjo miwili. Mkewe atadhani amelala kwingine.

"Lala kwako, shemeji, uone kama itakunjika," anajibiwa.

Karani anacheka. Mama Pasi hacheki. Wanaomfahamu husema alikuwa mcheshi kupindukia hadi mwaka jana, alipofariki mdogo wake wa kiume, mwandishi wa gazeti aliyekuwa akichunguza jinsi viwanja vya shule vilivyoangukia mikononi mwa wakubwa.

Polisi walitamka kwamba aliteleza kwenye ngazi za ofisi, akiwa peke yake. Faili likafungwa. Hakuwa wa kwanza katika kazi ile kufa kifo cha namna hiyo, na wenzake kadhaa waliobaki siku hizi huandika habari za michezo.

Hospitali ilimkabidhi dada mfuko wa nguo za marehemu. Huyu ni mwanamke aliyewalea wadogo zake kwa kufua, na nguo chafu hailali kwake. Siku ileile aliliroweka shati, akalisugua, akalipiga pasi.

"Lilikuwa na alama nyeusi za vidole huku na huku, hapa juu ya viwiko, kama za watu wenye grisi," anasimulia. "Nikadhani ni waliombeba. Nikasugua mpaka zikatoka. Kumbe nawafutia waliomshika."

Baadaye wakili wa familia alikuja kuomba nguo zile zikapimwe. Aliletewa shati limekunjwa vizuri, jeupe pee. Aliligeuza upande huu na huu, kisha akaomba maji ya kunywa. Hapo ndipo dada alipoelewa alichokifanya.

Hakimu ameamuru faili lifunguliwe tena, na atalisikiliza shauri Jumatatu ijayo. Kuhusu shati lile hakuna ushahidi uliosalia ila kinywa cha dobi, naye ameazimia kwenda kusema alichokiona, hata wakimcheka. Wateja amekwisha kuwaarifu kwamba siku hiyo hafungui.

Mama yao mzazi alikataa katakata.

"Nimeshazika mmoja, mwanangu. Usinitafutie wa pili."

Binti hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba usingizi haumjii, na kwamba huenda akiyasema mbele ya watu utamrudia.

Jana mama alifika chumbani akiwa na gauni lake la heshima mkononi, akaliweka juu ya meza ya kupigia pasi. Binti akamwuliza anakwenda wapi.

"Kwani mahakamani watu huingia na nguo za jikoni?"