Era ya Rurambi

Kitufe kimoja cha gemu ya kizamani kimeniponza leo. Tafadhali msisambaze hii.

Bosi wangu hukusanya kaseti za gemu za utotoni mwake. Zimejaa kabatini, mafaili ya wananchi yako sakafuni.

Leo mchana alileta mashine mpya ya kuzichezea kwenye televisheni ya ofisi. Akaipuliza kaseti kwa mdomo kama anayewasha jiko la makaa, kisha akaniita.

"Karani, kaa hapa. Nyinyi watoto wa simu hamjui gemu."

Yeye akaendesha ndege. Mimi nikapewa kuilinda kwa vitufe viwili, L na R.

"Era! Bonyeza era!"

Ipi sasa? Huyu hata kula husema kura.

"L au R, mkubwa?"

"Era ya Rurambi, wewe!"

Nilipong'amua kwamba ni L ya Lurambi, kwao nyumbani, ndege ilishalipuka. Mtu mzima, mwenye wajukuu, akanuna kama mtoto aliyenyimwa uji.

Mkataba wangu unaisha kesho, na ni yeye wa kuuongeza. Akitoka alisema, "Kesho utaiona karamu yangu."

Jamani, ni kalamu ya kutia sahihi, au karamu ya kuniaga?

Mimi siwezi kumuuliza tena.