Kompyuta Iliyozidishiwa Dozi

Mtaa mzima ulimwita Mara Tatu. Alijua, wala hakuchukia. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza nyuma ya dirisha dogo la dawa la kituo cha afya, akihesabu vidonge, akiandika juu ya vibahasha vya karatasi na kuvisukuma nje bila kuinua macho: "Kutwa mara tatu, baada ya chakula, usiruke." Hata mgonjwa aliyeandikiwa mara mbili alisikia kwanza mara tatu, kisha bwana yule akajikohoza na kujirekebisha. Hakuwa daktari. Lakini ukimwita daktari hakukukatalia, kwa sababu si kila kosa la mtu lina haraka ya kusahihishwa.

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na hotuba ndefu, akarudi nyumbani kukaa. Na kukaa ndiko alikokuwa hakuwezi. Alipanga upya kabati la vyombo. Akamkagua mkewe ulimi asubuhi na mchana, akamuuliza kama amepata choo, mpaka mama wa watu akachoka na kumwambia kwamba akiumwa atakwenda kwa daktari wa kweli. Neno hilo lilimchoma, akanuna siku nzima.

Ndipo binti yao mkubwa akaleta kompyuta. Aliileta kwa ajili ya mama yake, ambaye zamani alikuwa mpiga taipu wa ofisi moja kubwa, tena hodari, vidole vyake vikienda huku yeye akipiga soga na jirani wa meza. Ofisi ile iliwaaga wapiga taipu siku mabosi walipojifunza kuchapa wenyewe kwa vidole viwili. Hawakumpa hotuba. Walimwambia ataitwa kazi ikipatikana, na tangu hapo simu yake iliita kwa mambo mengine yote isipokuwa hilo. Kompyuta iliwekwa kwenye meza ya sebuleni karibu na dirisha, ikafunikwa kitambaa cha kufuma. Binti, viatu tayari miguuni, akaacha agizo moja mlangoni.

"Na hiyo antivairasi msiisahau. Skanini mara kwa mara."

Akaondoka. Mara Tatu akabaki anautazama mlango.

"Mara kwa mara ndiyo mara ngapi?"

"Si umwulize mwenyewe," mkewe akasema.

Hakumwuliza. Mtu aliyetoa dawa miaka yote ile haulizi dozi kwa mtoto aliyemnywesha mwenyewe dawa ya minyoo. Lakini maneno yale yalimkera kweli. Hakuna kibahasha duniani kilichoandikwa "mara kwa mara". Mwambie mtu ameze vidonge mara kwa mara, halafu kaanze kutafuta watu wa kubeba jeneza. Akazunguka sebule mikono nyuma, akaitazama mashine, akatafakari ukubwa wake na umri wake, na mwisho akatoa uamuzi ambao msomaji ameshaujua.

Tangu siku hiyo kompyuta ikawa inapimwa asubuhi baada ya chai, mchana baada ya chakula, na jioni baada ya chakula. Alikataa kabisa neno kuskani. Yeye alisema kupima. Alichagua kile kipimo kirefu, kinachopekua mpaka uvunguni, maana kile kifupi alikiona ni cha wavivu. Akavuta kiti, akakaa, akaangalia ule mstari wa kijani ukijikokota. Shida ni kwamba kipimo cha asubuhi kilikuwa hakijaisha vizuri, cha mchana kinabisha hodi. Mashine ilihema. Feni yake ilivuma hadi jirani akauliza kama wamenunua mashine ya kusaga.

Yote haya yangekuwa vichekesho tu kama mwalimu mkuu wa sekondari ya jirani asingekuja. Alikuja na karatasi za mtihani wa jiografia, alizoziandika kwa mkono, akazikabidhi kwa mke wa Mara Tatu.

"Nimeambiwa ulikuwa fundi wa taipu," alisema. "Nichapie huu. Nikiridhika, mitihani yote ya shule itakuja hapa. Nisiporidhika naupeleka kule kwenye duka la vifaa vya ofisi, nao wana foleni, lakini tutavumilia."

Mama yule alipobaki peke yake alizibana karatasi zile kifuani, akacheka mwenyewe jikoni. Aliitaka kazi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu siku za ofisi. Akanawa mikono, akajitupia shali mabegani, akakaa mezani kama mtu aliyerudi kwao.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa mwandiko wa mwalimu mkuu, ambao ungeweza kusomwa juu chini bila kubadilisha maana. Kikwazo cha pili kilikuwa kimekaa kwenye kiti cha pili. Mama alibonyeza herufi, akangoja, herufi ikaja ikijivuta na wenzake wawili nyuma yake.

"Mzee, mashine imekwama."

"Haijakwama. Inapimwa."

"Ilipimwa asubuhi."

"Na wewe ulikula asubuhi. Mbona mchana umekula tena?"

"Daktari," mkewe alisema, na alipomwita hivyo hakuwa anamsifu, "huyu mgonjwa wako ana kazi ya kufanya."

"Mzima ndiye anayefanya kazi."

Mama akajikaza. Alichapa akimenya vitunguu: sentensi moja, kitunguu kimoja. Jioni alipotaka kuweka nakala kwenye flashi, Mara Tatu aliinyaka mkononi kabla haijafika.

"Hii imetoka wapi? Imelala nyumba gani?"

"Ni ya kwetu. Imelala kwenye droo."

"Kwenye droo na nini?"

Akaichomeka, akaanza kuipima, na kwa kuwa kompyuta nayo ilikuwa ikipimwa wakati huohuo, vipimo viwili vikakabana koo, mashine ikazimika. Jambo hilo lilitokea tena kesho yake. Siku iliyofuata mama wa watu alinyoosha mikono juu. "Basi," akasema. "Maswali yabaki humohumo. Sina nguvu ya kugombana." Akairudisha flashi kwenye droo, akaendelea kuchapa bila nakala, yeye ambaye ofisini hakuwahi kutoa ukurasa bila karatasi ya kaboni chini yake.

Alimaliza kazi siku moja kabla ya mwalimu mkuu kuja kuichukua. Akanyoosha mgongo, akajitanda khanga, akatoka kwenda kumwambia kwamba kesho jioni atakuta iko tayari. Mara Tatu akabaki nyumbani na mgonjwa.

Sasa, kuna jambo lilikuwa likimla ndani. Tangu aanze kuipima, mashine ile haikuwahi kupatikana na chochote. Kila mara jibu ni lilelile: hakuna tishio lililopatikana. Miaka yote ile dirishani watu walikuja na kitu, wakaondoka na kitu. Hii mashine haikumhitaji. Aliona kama ananyimwa. Kwa hiyo, mkewe alipotoka tu, aliingia kwenye intaneti akauliza, kwa kidole kimoja, kompyuta ya nyumbani ipimwe mara ngapi.

Majibu yalimvuruga. Mmoja alisema kila siku. Mwingine kila wiki. Wa tatu akasema mwenyewe ukiwa mwangalifu, hata mara moja kwa mwezi si mbaya. Walibishana kama wauguzi wakati wa kubadilishana zamu. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, akaingia ukurasa ambao mtu mwenye akili zake angeutoka mbio, na hapo skrini yote ikawa nyekundu. HATARI, iliandikwa. KOMPYUTA YAKO IMEAMBUKIZWA VIBAYA. Chini yake palikuwa na kitufe: TIBU SASA.

Tusifichane, alifurahi. Alifurahi mpaka akasimama. Kumbe alikuwa sahihi, kumbe ugonjwa ulikuwepo muda wote umejificha, na yeye peke yake ndiye aliyeushuku. Zaidi ya yote, kulikuwa na dawa, na ilikuwa ikimngoja yeye aitoe. Akabonyeza. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza. Antivairasi yao wenyewe ikaruka na kumwonya asiendelee, naye akaizima, kwa sababu ilikuwa imeshindwa kuona kitu kilichoonekana wazi namna ile.

Mkewe aliporudi alimkuta amekaa wima, mikono mapajani.

"Umefanya nini?"

"Nimeitibu."

Mafaili yote yalikuwa yamevaa majina ya ajabu, herufi na namba zilizomwagika tu, na hakuna hata moja lililofunguka. Mama yule alibonyeza mtihani wake. Akabonyeza tena. Aliondoka mezani akaenda kulala jua likiwa bado juu, na Mara Tatu akala peke yake, na baada ya chakula hakupima kitu.

Asubuhi alikuja fundi wa kompyuta, mwanamke mpole aliyemung'unya pipi mfululizo. Aliiangalia mashine kidogo tu.

"Nani alibonyeza hapa, baba?"

Mara Tatu akajikohoza.

"Hicho si kipimo, ndicho kirusi chenyewe. Kimejivisha koti jeupe, kikapiga hodi, mkakifungulia." Akaihamishia pipi shavu la pili. "Nakala mnazo? Kwenye flashi?"

Mke alimtazama mumewe, na mumewe akatazama sakafu.

"Basi itabidi nifute kila kitu, nianze upya," fundi akasema, na akafanya hivyo. Alipomaliza, Mara Tatu aliuliza kwa sauti ndogo, sauti ya wale waliokuwa upande wa pili wa dirisha lake, ipimwe mara ngapi.

"Kipimo kirefu, kwa wiki mara moja inatosha. Tena ukiweke wakati hakuna mtu anayeitumia. Kinga yenyewe inakaa macho muda wote, inaangalia kila kinachoingia, huna haja ya kuikalia. Isasishwe, basi. Weka nakala za kazi zenu. Na usibonyeze ovyo."

"Kwa wiki mara moja," Mara Tatu akarudia polepole. "Kumbe hii ni dozi ya kinga. Mimi nilikuwa natoa ya tiba."

"Ulikuwa unaizidishia, baba."

Hilo lilimwingia. Kuzidisha dozi lilikuwa jambo moja ambalo kazini hakuwahi kulifanya.

Fundi alipoondoka, mke wa Mara Tatu alikuwa amekaa mbele ya kibodi, karatasi za mwalimu mkuu pembeni, na jioni haikuwa mbali. Alizungumza bila kugeuka.

"Wewe walikuaga kwa hotuba, mzee. Mimi waliniambia nitaitwa. Nimeitwa mara moja tu, na ndiyo hii."

Mara Tatu aliumia. Aliumia kuliko pale alipoambiwa si daktari wa kweli. Alisimama nyuma yake, hajui mikono aiweke wapi.

"Nisamehe, mama," alisema. "Niliona hakuna anayenihitaji tena, nikaikalia mashine yako."

Mkewe hakusema amesamehe. Alichukua ukurasa wa kwanza, akausogeza karibu na macho, akaanza tena kupambana na ule mwandiko. Alichapa neno, akalifuta. Akaugeuza ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Mara Tatu aliinama juu ya bega lake, bila kutaka.

"Taja sababu nne za mmomonyoko wa udongo," akasoma.

Mkewe akageuka. "Umesema wa nini?"

"Wa udongo."

"Mimi nilichapa ubongo."

"Mmomonyoko wa ubongo?"

"Nikasema labda ndiyo jiografia ya siku hizi."

Mara Tatu alijaribu kujizuia, akashindwa. Mkewe alikaza uso kadiri alivyoweza, kisha naye akaangua kicheko, wakacheka mpaka ikabidi ashike meza. Alipopata pumzi akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Na ningempelekea hivyohivyo," alisema.

Mwandiko ule haukumsumbua Mara Tatu hata chembe. Miaka yote alisoma maandishi ya madaktari waliokuwa na haraka ya kwenda nyumbani, na wenzake wengine huko waliwalisha wagonjwa dawa za kubahatisha kwa kushindwa alichoweza yeye. Akavuta kile kiti cha pili, akakaa ubavuni mwa mkewe badala ya mbele ya mashine, akashika karatasi, akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma taratibu, akasema wapi pana mkato na wapi pana nukta. Vidole vya mkewe vikaanza kwenda. Kompyuta iliyoachwa ipumue ilikuwa nyepesi, herufi zikitokea palepale zinapoguswa, na mama yule akaongeza mwendo, akawa haitazami kibodi tena, na ile sauti ya kuchapa haraka ikajaa sebuleni. Ilikuwa mara ya kwanza mumewe kuisikia. Zile siku za ofisi, yeye alikuwa dirishani.

Walikuwa katikati ya maswali ya ramani skrini ilipofungua kidirisha. Antivairasi mpya ilitaka kufahamiana: Kompyuta hii haijawahi kuskaniwa. Skani sasa?

Mkewe akaacha kuchapa. Aliinua mikono juu ya kibodi, akaiacha hapo, akangoja bila kumtazama.

Mara Tatu alikitazama kidirisha kile. Mkono wake ukaenda kwenye kipanya wenyewe, kwa mazoea, ukakaa juu yake.

"Mwambie apange mstari kama wenzake," alisema, akakifunga. "Swali la kumi na moja. Andika."