Siku Tatu za Mstari Ulionyooka

Siku yangu ya kwanza kazini sikuona hata tone la maji. Nilipanda mabasi mawili kutoka Etobicoke, pembezoni mwa Toronto, nikapelekwa ghorofa ya sita, nikaonyeshwa meza yenye skrini mbili, na Mkuu wa Vipimo akaniambia kwamba kuanzia saa hiyo nilikuwa na mito saba ya kuiangalia. Mito yenyewe ilikuwa upande wa pili wa Kanada, mwendo wa saa tano kwa ndege. Mimi nilisomea elimu ya maji Dar es Salaam, na nilizoea kazi ya kulowa mpaka magotini. Siku ile niliinuka kwenda dirishani mara nyingi hadi mwenzangu wa meza ya jirani akaniuliza kama kuna mtu namsubiri.

Ninyi mliokulia huku huwa mnaniuliza nilikuwa nafanya nini hasa ofisini. Katika kila mto kulikuwa na kihisi, chombo kidogo kama tochi, kilichofungwa kwenye jiwe chini ya maji. Kilipima joto, na kingine kando yake kilipima kina. Kila baada ya saa moja namba zilirushwa kwa setilaiti zikaja kwetu Toronto. Asubuhi nilizisoma, nikachora grafu, nikaandika taarifa ya ukurasa mmoja. Watu walioko mtoni waliitumia kuamua wafanye nini na samaki.

Samaki hao ni salmoni wa aina inayoitwa sokai. Huzaliwa mtoni, hukulia ziwani, huenda baharini miaka kadhaa, kisha hurudi kutaga mtoni kwao na kufa. Akisharudi mtoni hali chochote tena. Anapanda maporomoko kwa mafuta aliyobeba mwilini tu. Maji yakipata joto, mafuta hayo huisha haraka, na hewa iliyomo majini hupungua wakati uleule anapoihitaji zaidi. Mto ukipungua kina, mawe yaliyokuwa yamefunikwa hutokeza na kumzibia njia. Akisubiri kwenye kidimbwi baridi, siku zinampita. Akiendelea, anaweza kufia njiani na mayai yake.

Mwaka wangu wa tatu Mkuu wa Vipimo alinipeleka huko kwa msimu mmoja. Alisema amechoka kuniona nikizunguka ofisini. Nilikaa kwenye uzio wa kuhesabia, yaani vyuma vilivyopangwa kukatiza mto, vyenye mlango na kizimba katikati. Samaki waliingia kizimbani wakahesabiwa, wengine wakashikwa kwa mkono na kupimwa, kisha wakaachiwa. Msimamizi wa uzio alikuwa mtu wa taifa la wenyeji wa mto ule. Familia yake ilikausha samaki hao kwa ajili ya majira ya baridi tangu kabla mtu yeyote hajaleta vihisi. Alinifundisha kumshika sokai chini ya tumbo bila kumgusa matamvua, zile nyama nyekundu anazopumulia. Alinifundisha pia kanuni iliyokuwa muhimu kuliko zote: maji yakipita nyuzi joto ishirini, fungua mlango, ondoa mikono. Samaki aliyeshikwa kwenye maji ya moto anaondoka kama mzima, halafu anakufa baadaye, mahali usipomwona.

Nilirudi Toronto. Miaka ikapita, nikapandishwa kuwa msomaji mkuu wa vipimo.

Kisha kikaja kiangazi ambacho theluji ya milimani iliyeyuka mapema na mvua haikunyesha. Mito sita kati ya saba ilipanda joto kila siku. Wa saba, ule wa uzio wetu, ulikaa nyuzi kumi na sita. Mwanzoni nilifurahi. Jumatatu nilipochora grafu nikaona kitu ambacho hakikunipendeza. Mto ulio hai hupanda joto mchana na kushuka usiku, grafu yake huenda kama mawimbi. Huu ulikuwa umenyooka kama rula. Kina nacho kilikuwa kimeshuka sana. Nikawaza kwamba maji yamepungua mpaka kihisi kimebaki kwenye chemchemi inayotoka chini ya ardhi, na kwamba tulikuwa tunapima chemchemi, si mto.

Nilimpelekea Mkuu wa Vipimo. Aliitazama grafu kwa makini, sitasema alipuuza. Akasema kihisi kilikaguliwa mwezi uliopita, na fundi angepita huko wiki ijayo.

"Rehema," akaniambia, "sisi tunatuma namba. Tukianza kutuma wasiwasi wetu, hakuna atakayetusoma."

Utaratibu ulikuwa kwamba msomaji hapigi simu mtoni moja kwa moja. Nikaandika kumi na sita. Jumanne nikaandika kumi na sita. Jumatano vilevile. Nyumbani sikuweza kukaa. Nilipika nikasahau chumvi, nikafagia sebule iliyokwisha kufagiwa. Mume wangu aliniuliza kuna nini, nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

Akasema, "Mama Salma, kama unalijua hilo, mbona unaniambia mimi?"

Alhamisi mchana nilitoka ofisini, nikasimama kwenye maegesho ya magari, nikampigia msimamizi wa uzio. Nilimwomba achukue kipimajoto cha mkono, aingie katikati ya mto, mbali na kihisi. Nilizunguka gari la mtu nisiyemjua mpaka simu ilipoita.

"Ishirini na mbili," alisema. "Nimeshafungua mlango." Kisha akauliza: "Ulianza kuona lini?"

"Jumatatu."

"Leo ni Alhamisi," alisema.

Siku tatu nzima wafanyakazi wake walikuwa wameshika samaki kwa kuamini karatasi yangu.

Niliomba ruhusa nikaenda. Tulitembea kando ya mto kuelekea juu, yeye mbele mimi nyuma. Sokai waliokufa walikuwa wamelala kwenye mawe ya kingo, wekundu, wengine na kuvu jeupe mgongoni. Alimpasua jike mmoja kwa kisu. Mayai yote yalikuwa ndani, hakuna hata moja lililotagwa. Sikuweza kujua ni wangapi waliuawa na joto na ni wangapi waliuawa na mikono yetu, na yeye hakujifanya kujua. Nilipoanza kuomba radhi alinikatiza.

"Mara nyingine nipigie Jumatatu," alisema. "Hata kama huna uhakika. Kuingia mtoni kuangalia hakunichukui robo saa."

Niliporudi nilikuta barua ya onyo kwa kuvunja utaratibu, nikaisaini. Mwezi uleule Mkuu wa Vipimo aliuandika upya utaratibu wenyewe: namba ikitiliwa shaka, mtu apigiwe siku hiyohiyo. Alinipa niusome kwanza. Akasema kwamba yeye, angekuwa katika nafasi yangu, huenda asingepiga hata Alhamisi. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na sikumchukia.

Siku ya kustaafu kwangu watu walihutubia wakaisifu ile simu. Nilikula keki na kushukuru, lakini nilichokuwa nakifikiria ni Jumanne na Jumatano.

Siku hizi niko nyumbani na bado situlii. Vipimo vya mito hiyo viko wazi kwenye mtandao, na kila kiangazi navisoma kabla ya chai, Salma akinicheka kwa Kiingereza. Mwaka huu, mwezi wa nane, niliona mstari ulionyooka siku nzima. Nikapiga simu ofisi yangu ya zamani. Aliyepokea ni msichana mgeni asiyenifahamu. Alinisikiliza, akampigia mtu wa mtoni, kisha akanirudia. Kihisi kilikuwa kizima. Huko kulikuwa na mawingu mazito na mvua tangu jana, kwa hiyo joto halikupanda wala kushuka, na sokai walikuwa wanapita vizuri.

Nikamwambia samahani, nimekupotezea muda.

"Hapana, mama," alisema. Akauliza kama ningepiga tena nikiona kitu.

Nikamwambia nitapiga siku hiyohiyo.