Shuka la Malakal

Nauza nyuzi Kakuma mjini, na watu wakisikia hivyo hudhani ni kazi ya kusinzia. Waje wakae nami siku moja tu. Wanawake wa kambi ya wakimbizi hawanunui uzi hivi hivi, wanauhoji kwanza. Wanauvuta, wanautia mate, wanausugua kwenye nguo nyeupe waone kama unatoa rangi, kisha wanakuambia wa Juba ulikuwa bora. Msumbufu kuliko wote alikuwa Nyawech, na ndiye mteja niliyempenda.

Nyawech ni mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kumwita mwenzake aliye ng'ambo ya mto. Alizaliwa Malakal, mji wa Sudan Kusini ulio ukingoni mwa Nile, na amenisimulia mji huo hadi naona naweza kukuelekeza njia. Meli zilikuja kutoka kaskazini na sukari na vitunguu, na wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuja nazo kuuza wakaoa, wakabaki. Muadhini na kengele ya kanisa waliamsha watu wale wale. Krismasi, kila mtaa ulitoka na ngoma zake kutembelea mitaa mingine, na ilikuwa aibu kurudi nyumbani bila kulishwa. Sokoni mtu aliuza kwa lugha moja, akatukana kwa ya pili, akaomba radhi kwa ya tatu.

"Malakal hatukuuliza mtu wewe kabila gani," alipenda kuniambia. "Tunauliza, wewe unakaa mtaa gani?"

Yeye alikaa mtaa wa Gati, pale meli zilipofungwa. Mama yake, mzee Nyaduoth, alikaanga kahawa mlangoni, akaitia tangawizi, na wapagazi waliisikia harufu kabla hawajatua mizigo. Rafiki wa Nyawech tangu wakiwa wadogo alikuwa Alek, wa mtaa wa jirani, ambaye kutwa alishinda kwa mzee Nyaduoth kwa sababu kwao, nasikia, mama yake alipika vibaya.

Halafu vita vikaingia mjini, na swali likawa la kabila. La Nyawech na la Alek yakawa maadui. Sitayataja, dukani kwangu uzi hauna kabila. Siku za kwanza wenye bunduki pale Gati walikuwa watu wa upande wa Nyawech, na walikuwa wanawasaka wa upande wa Alek nyumba kwa nyumba. Mzee Nyaduoth alimlaza Alek kwenye kitanda chake mwenyewe, akamfunika hadi kichwani, akaketi pembeni yake. Vijana walipoingia akawaambia kwa lugha yao kwamba huyu ni binti yake, ana homa, na wao hawana adabu kuingia chumbani kwa mwanamke mzee. Wakaondoka. Alek alilala pale hadi njia ilipofunguka.

Kisha mji ukatekwa na upande wa pili, wa kina Alek. Sasa wa kusakwa alikuwa Nyawech, na Alek akakimbia naye wameshikana mikono. Mzee miguu ilikataa, na nyumba ikachomwa naye akiwa ndani.

Kakuma walijenga nyumba zao ukuta kwa ukuta. Watoto wao walikula sahani moja. Mtu akimkosa Nyawech kwake, alipita tu mlango wa Alek.

Basi wanawake wa Malakal walioko kambini wakaamua kushona milaya. Hayo ni mashuka ya kudarizi ambayo wenyewe huyatandika siku za arusi na za wageni, yenye maua na ndege. Hili lilikuwa kubwa kuliko yote, na badala ya maua lingekuwa na mji mzima: soko, kanisa kuu, msikiti, mto na meli zake. Kila mwanamke angeshona mtaa wake. Walimchagua Alek awe mwenyekiti, na shuka likawa linalala kwake.

Nyawech alishona Gati kiangazi chote. Nyumba ya kwao aliitia mlango mwekundu, na mlangoni akamkalisha mwanamke mdogo kama kidole, mwenye birika la kahawa. Alinikatalia nyuzi nyekundu hadi nikakasirika.

"Mama hana kaburi, Sally," akaniambia. "Hii ndiyo kaburi. Nyekundu mbaya sitaki."

Nikashusha boksi lingine.

Mwaliko ulitoka Lodwar, maonyesho ya utamaduni kwenye ukumbi wa kanisa. Siku chache kabla ya safari, Alek alikuja dukani peke yake, akaonyesha kwa kidole uzi wa buluu, akachukua mwingi. Kiswahili hana ila maneno machache ya dukani, anajua lugha ya kwao na Kiarabu cha Juba. Nikamuuliza wa nini. "Mto," akasema. Nikamtania kwamba naona Nile imefurika. Akacheka kidogo. Nikampunguzia na bei, mjinga mimi.

Vibali vya kutoka kambini vilipatikana, na kwa kuwa nilikuwa naenda Lodwar kuchukua bidhaa, nikawabeba Nyawech na Alek kwenye gari langu, Probox. Nyawech ndiye aliyekuwa mkalimani. Alikaa mbele, amevaa gauni la kanisani, na njia nzima hakufunga mdomo.

"Leo watu wakubwa wataangalia mama yangu," aliniambia. "Nitasema jina lake kwa maikrofoni."

Nyuma, Alek alikuwa amelipakata shuka ndani ya mfuko, anatazama nje tu. Nikadhani amechoka na joto.

Ukumbini mlinzi alitupokea kwa "Ejok!" na tabasamu, tukaonyeshwa ukuta wetu karibu na meza ya shanga za Kiturkana. Alek alilitundika shuka pamoja na kijana wa ukumbi. Lilikuwa zuri, siwezi kudanganya. Nyawech akasogea, mkono wake ukaenda moja kwa moja pale anapopajua, kama unavyotafuta swichi nyumbani kwako gizani. Mkono ukasimama.

Hapakuwa na mlango mwekundu. Hapakuwa na nyumba, wala mwanamke, wala Gati. Ukingo wa mto ulikuwa umesogezwa hadi sokoni, na pale palipokuwa na mtaa palikuwa na maji ya buluu, mawimbi yamepangwa vizuri, na samaki mmoja. Niliutambua uzi wangu. Ukisogea karibu uliona vitundu vya sindano ya kwanza.

"Mama Mabil," Nyawech akasema taratibu. Hilo ndilo jina analomwitia Alek, la mwanawe. "Mama yangu iko wapi?"

Alek akamjibu kwa Kiarabu, haraka, bila kumtazama. Nyawech alinieleza baadaye: wazee wa upande wa Alek ndio waliotoa pesa za shuka, litapelekwa Juba, na wamesema watu wa kina Nyawech hawakuwa na mtaa pale. Walikuja tu.

Ningelitia mkasi siku ile. Lakini wageni walikuwa wamefika, wakiongozwa na afisa mmoja aliyeitwa Njenga, mtu mchangamfu, asiyejua lolote. Nyawech akawekewa maikrofoni mkononi. Alek akaanza kuueleza mji, na Nyawech akatafsiri. Hapa soko. Hapa kanisa kuu. Hapa mtaa wa kina Alek. Sauti yake ilikuwa kavu lakini hakuruka neno. Wakafika kwenye buluu. Alek alisema sentensi fupi.

Nyawech akaitafsiri nayo. "Anasema hapa ni mto tu. Watu hawakukaa."

"Mto mkubwa kweli!" Njenga akasema. "Na wewe mama, kwenu ni wapi hapa?"

Nyawech akaweka kidole juu ya maji. "Hapa."

"Kumbe mama ni samaki!" Ukumbi ukacheka. Njenga hakuwa na ubaya, alitaka tu kufurahisha watu. Lakini Alek, ambaye hakujua Kiswahili cha kutosha kuelewa utani, aliona kidole kilipokuwa, akaona watu wanacheka, naye akacheka.

Nyawech akamgeukia, akamuuliza jambo kwa Kiarabu. Kicheko cha Alek kikakatika. Akajibu kwa maneno mawili matatu.

"Mmesema nini, mama?" Njenga akauliza.

"Nimemuuliza siku za vita alilala nyumba gani," Nyawech akasema kwenye maikrofoni. "Amesema mimi nitafsiri tu."

Wageni hawakuelewa. Walipiga makofi kidogo, wakahamia kwenye shanga.

Jioni tulipofunga, shuka lilishushwa. Shuka kubwa kama lile halikunjwi na mtu mmoja. Alek akashika pembe mbili, na Nyawech, kwa mazoea ya miaka yote, akashika mbili nyingine. Wakalinyoosha, wakalikunja mara ya kwanza, kisha wakasogeleana ili kukutanisha pembe, hadi wakawa uso kwa uso. Alek akamnong'oneza kitu. Nililisikia neno moja ninalolijua, kwa kuwa kila siku wateja huja nalo dukani: uzi. Nadhani alisema ni uzi tu.

Nyawech akamjibu kwa Kiswahili, mimi na kijana wa ukumbi tukasikia.

"Hiyo kitanda ulilala ilikuwa ya mama yangu."

Akaachia pembe zake. Shuka likaanguka sakafuni, yeye akatoka akaenda kukaa kwenye gari, kiti cha mbele. Alek alibaki ameshika upande wake, akinitazama mimi nishike ule mwingine. Nikachukua funguo zangu za gari.