Huko Kuna Nani Wetu?

Kaa vizuri unisikilize, mwanangu, wewe uliyepata matokeo yako ya kidato cha sita na unataka kuwa mhandisi. Najua simu iko mkononi, madirisha ya maombi ya vyuo yamefunguliwa, na kila mtu mtaani ana ushauri wake. Mtu wa Mwanga anakwambia omba chuo fulani kwa sababu binamu yake alisoma hapo. Wa Mwandiga anakwambia kile hakifai, ada yake inatisha. Mimi sitakutajia chuo. Nitakusimulia jinsi orodha yangu ilivyotengenezwa, halafu wewe ukatengeneze yako.

Alasiri ninayoikumbuka ilikuwa ya kiangazi, uani kwetu Ujiji, nikiwa na umri kama wako. Baba yangu, Mzee Kassim, alikuwa fundi wa boti mwaloni, pale ufukweni zinapoegeshwa, na mimi nilikulia kwenye maranda ya mbao zake. Nilijua kukalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba iliyolowekwa mawese, kabla sijajua kusoma vizuri. Nilikuwa mtoto wa maswali. Kwa nini boti hii inakaa sawa majini na ile inalala upande? Baba alikuwa akinijibu bila kuacha kupiga randa, "Kua kwanza, halafu utakuja kuniambia wewe." Nadhani uhandisi wangu ulianzia hapo.

Matokeo yangu yalipotoka yalikuwa ya kupita, siyo ya kutamba. Hesabu nzuri kiasi, fizikia ya katikati, kemia imenusurika. Nyumbani walichinja kuku, na mimi nilikula kuku yule nikiwa na wasiwasi, kwa sababu ya zamu. Tulikuwa watoto wengi, na baba alikuwa na utaratibu ambao sote tuliujua: kila mtoto ana zamu yake ya kusomeshwa mbele, na zamu ikikukuta hujapata chuo, inahamia kwa anayekufuata. Aliyenifuata ni mdogo wangu Hamisi, ambaye alikuwa anamaliza kidato cha nne na tayari ameshachagua shule ya ufundi. Nisingeweza kumwambia asubiri mwaka mzima kwa ajili yangu. Mwaka ule ulikuwa wangu, na ungepita mara moja tu.

Orodha yangu ya vyuo, mwanangu, ilikuwa na jina moja.

Usicheke. Jina lile lilitokana na jambo ambalo hata wewe unalijua. Kwetu mtu hasafiri kwenda mahali, anasafiri kwenda kwa mtu. Ukisema unakwenda Tabora, hutaulizwa kwanza unakwenda kufanya nini. Utaulizwa unafikia kwa nani. Kwa baba, chuo kilikuwa kwanza safari, na safari ya binti ilianza na mwenyeji. Ndugu tuliyekuwa naye mbali alikuwa mmoja, baba mdogo Idi wa Dar es Salaam. Basi chuo kikawa kile kikubwa cha Dar es Salaam, na hakikutafutwa kingine. Simlaumu baba hata leo. Alikuwa anafikiria nitalala wapi, na hilo ni la kufikiriwa.

Siku hiyo Mwalimu Swai, aliyenifundisha fizikia, alipita kutusalimu. Alikuwa mtu wa Moshi, serikali ilimpangia kazi huku kwetu, na kwetu alikuwa kama mtu wa nyumbani. Alikuta shangazi yangu Zuhura amekaa kwenye mkeka anachambua dagaa wa kupeleka sokoni. Shangazi alimsalimia kwa Kiha, "Mwakeye, Mwalimu," ingawa asubuhi ilikuwa imepita zamani, kwa sababu alipenda kumsikia akijikwaa kwenye kuitikia. Baba akampa kigoda. Mimi nikamwonyesha fomu yangu ya chuo, ile moja, nimeijaza kwa mwandiko mzuri.

Aliisoma yote. Kisha akaniuliza fomu nyingine ziko wapi.

Nikasema hakuna nyingine.

Mwalimu Swai hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alinieleza polepole, kama alivyokuwa akitueleza darasani, kwamba chuo kile kinaombwa na watoto wa nchi nzima, kwamba wanafunzi aliowafundisha yeye mwenyewe waliochukuliwa pale walikuwa na alama za juu kuliko zangu, na kwamba hilo halinifanyi mjinga. "Omba, Mariamu," alisema. "Anayekukataza kuomba hakutakii mema. Lakini usiombe hicho peke yake, kwa sababu wakikataa, hutabaki na chuo chochote."

Baba akauliza vingine viko wapi. Mwalimu akataja Arusha.

"Huko kuna nani wetu?"

Hakuna, mzee. Akataja Morogoro.

"Huko kuna nani wetu?"

Hakuna. Akataja Mbeya, na baba akatikisa kichwa kabla hata hajauliza. Akasema kwa upole, akimwangalia Mwalimu kama mtu anayeomba aeleweke, kwamba hawezi kumtoa mtoto Ujiji akamtupe kwenye mji ambao hana mtu hata wa kumfungulia mlango. Mwalimu akanirudishia fomu. Alikuwa mgeni katika nyumba ile, na lilikuwa suala la baba na mwanawe. Niliangalia fomu yangu na nikaona mwaka wangu unakwenda kwa Hamisi.

Shangazi Zuhura hakuinua macho kutoka kwenye dagaa wake. "Kaka," alisema, "huyu Mwalimu alipoteremka kwenye treni, hapa Kigoma alikuwa na nani wake?"

Baba akasema, "Alikuwa na mimi."

"Ulikuwa unamjua?"

"Nilimjua alipofika."

"Haya," shangazi akasema, akaendelea kuchambua.

Ilikuwa kweli, mwanangu. Mwalimu Swai alifika na begi moja na barua ya kazi, hajui mtu, na nyumba ya mwalimu ilikuwa haijawa tayari. Baba alimkuta amekaa kwenye begi lake nje ya duka, akamleta nyumbani, akampa chumba cha mbele. Alikaa kwetu miezi kadhaa. Sisi Waislamu tulimpikia yeye Mkristo wa Moshi, na mama alijifunza kumwekea ndizi alizopenda. Baba alikuwa amefanya jambo lile akalisahau, kama mtu anavyosahau kwamba alikula jana.

Baba akamgeukia Mwalimu. "Mama yako alijua unafikia kwa nani?"

"Hakujua, mzee. Alilia kituoni. Barua yangu ya kwanza kwake ilikuwa inakutaja wewe."

Baba akachukua kipande cha penseli alichozoea kukiweka sikioni kwa kazi ya mbao, akanipa. "Andika," akasema. "Lakini kila mji mtakaouandika, nitauliza swali langu, na nataka mtu alitafutie jibu."

Hivyo ndivyo orodha ilivyotengenezwa, na maswali yalikuwa ya watu wawili. La baba ulishalisikia. Ya Mwalimu yalikuwa mengine. Kwanza aliuliza kama alama zangu, hizi nilizopata na siyo zile nilizotarajia, zinafikia sifa walizoandika. Chuo cha Dar es Salaam kikabaki, kikawekwa mahali pake, kama jambo la kujaribu. Vikaingia viwili, cha Arusha na cha Morogoro, ambavyo watu wenye alama kama zangu walikuwa wakipata, siyo wote, lakini wengi. Kimoja kati ya vile nilivyopendekeza mimi kilifutwa, kwa sababu Mwalimu alifungua kitabu chake cha mwongozo wa vyuo akanionyesha kwamba kozi niliyoitaka hakifundishi. Nilikipenda kwa jina tu.

Mwisho akaandika chuo cha ufundi cha Mbeya, ngazi ya stashahada, ambako kwa alama zangu alikuwa na hakika nitapokelewa.

Nilikunja uso. Wenzangu walikuwa wanazungumza shahada, na mimi naandikiwa stashahada. Shangazi aliniona. "Mtazameni," akasema, "kama aliyelamba ndimu. Injinia hajaajiriwa, tayari anachagua kazi."

Wote walicheka isipokuwa Mwalimu. Aliniambia neno ambalo nimelibeba hadi leo. "Kama wakikuchukua hapa hutakwenda, kifute sasa hivi. Jina la kujazia karatasi halitakusaidia. Nataka chuo ambacho barua yake ikifika, utafunga begi."

Nikamuuliza wenye stashahada wanafanya nini. Akanijibu bila kunipamba: ndio wanaosimama kwenye mtaro wakati bomba linalazwa, ndio wanaojua kwa nini pampu imekataa, na wakitaka kusonga mbele hadi shahada, njia ipo, ni ndefu kidogo tu. Nilifikiria mwaloni, na baba akipiga randa. Sikukifuta.

Kwa miji mingine Mwalimu aliahidi kuulizia. Swali la baba kuhusu Mbeya lilijibiwa na shangazi. Dagaa wake walikuwa wanateremshwa ziwani kwa meli hadi Kasanga, kisha kwa lori hadi Sumbawanga na Mbeya, na huko kulikuwa na mwanamke aliyewapokea sokoni, Mama Tusekile. Walikuwa wanafanya biashara kwa miaka na hawajawahi kuonana. Shangazi akatuma ujumbe pamoja na magunia. Jibu lilirudi na meli: mtoto aje, asisahau sweta.

Sasa sikiliza majibu ya vyuo yalivyokuja, kwa sababu hapa ndipo watoto wengi wanakata tamaa mapema. Dar es Salaam walinikataa, kwa barua fupi yenye adabu. Nililia, na Hamisi, ambaye angefaidika na machozi yale, ndiye aliyeniletea maji ya kunawa uso. Chuo cha pili hakikujibu. Cha tatu kilinipa nafasi, lakini kwa kozi ambayo sikuiomba na siyo ya uhandisi. Kisha ikafika barua ya Mbeya. Ufundi wa maji, nianze muhula unaofuata.

Baba aliisoma mwenyewe, polepole, akaikunja. Akaniangalia, na nilijua atakachouliza.

"Huko kuna nani wetu?"

"Mama Tusekile," nikasema.

"Unamjua?"

"Nitamjua nikifika."

Baba alicheka hadi akalazimika kukaa chini, halafu akaondoka haraka kwenda mwaloni, kwa sababu hakupenda tumwone macho yake. Mbeya nilifika jioni, natetemeka, na mwanamke mnene aliyevaa vitenge viwili alinifunika cha tatu kabla hajaniuliza jina. Stashahada nikaipata, nikafanya kazi, shahada nikaja kuichukua baadaye, nikiwa na mtoto mgongoni. Vijiji vingi vya ufukweni, Ilagala na kwingine, nimevitembelea nikiwa na ramani za mabomba. Na baba nilimweleza kwa nini boti inalala upande. Akasema alikuwa anajua siku zote.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayeomba leo kwa simu badala ya posta, haya ndiyo ninayokuachia. Usiwe na chuo kimoja, hata kama moyo wako wote uko hapo. Kiombe hicho unachokiota, usijinyime, lakini chini yake weka vile ambavyo watu wenye matokeo kama yako huwa wanaingia, na chini kabisa weka kimoja cha uhakika ambacho ukichaguliwa utakwenda bila kuona aibu, hata kiwe cha stashahada. Linganisha sifa na matokeo yaliyo kwenye karatasi. Hakikisha kozi yenyewe ipo, na kwamba ukimaliza utaweza kusajiliwa kuwa mhandisi au fundi sanifu. Zungumza na wanaokulea kuhusu ada na chakula kabla, siyo baada, na usihesabu mkopo ambao hujapewa. Jibu moja likiwa baya, ngoja mengine. Ukipata nafasi zaidi ya moja, thibitisha moja kabla muda haujaisha, maana wapo waliochaguliwa wakalala.

Na mzazi akikuuliza huko kuna nani wetu, usikasirike ukamwona wa zamani. Mtafutie jibu. Muulize mwalimu wako, anayepeleka dagaa, padri, imamu, jirani aliyehamia kutoka mkoa huo. Hapa kwetu wageni wamekuwa wakishuka kwenye treni na meli miaka yote, wengine wakivuka kutoka Burundi na watoto mgongoni, na wamepata wa kuwapokea. Nawe utampata wako.

Mungu akufungulie milango, mwanangu, na ule utakaofunguka uwe na mtu nyuma yake anayekungoja. Akupe kazi ya mikono na akili, na wazee wako waishi waione.

Sasa chukua karatasi na penseli. Andika vyuo vyako, na mbele ya kila kimoja andika kama alama zako zinafikia, kama kozi yako ipo, na jina la mtu mmoja wa kumuuliza kuhusu mji ule. Palipo na nafasi tupu, usibonyeze kutuma mpaka uwe umeijaza.